Uza Gari, Usiuze Usingizi

Mtu wa kwanza kukupigia simu baada ya kutangaza gari lako hatakusalimia. Atauliza, "Mwisho ngapi?" Hajaliona gari, hajui liko Tabata au Tanga, hajauliza hata kama linawaka, lakini anataka mwisho. Mjibu kwa upole: "Mwisho tutaufikia, wewe njoo kwanza tuanze." Mnunuzi wa kweli atacheka na kuuliza unapatikana wapi. Yule mwingine atakata simu, na hapo umeokoa nusu siku.

Naandika haya kwa mtu anayeuza gari lake mwenyewe, bila yadi na bila dalali: mwalimu mwenye Passo, muuguzi mwenye Vitz, mstaafu mwenye Noah iliyopeleka wajukuu shule. Kwa watu hawa, kuuza gari ni kazi wanayoifanya mara mbili au tatu maishani mwao. Anayewajia kwa nia mbaya anaifanya kila siku, ana mavazi yake, ana maneno yake, ana mwenzake wa kumpigia simu katikati ya mazungumzo. Hilo linaniuma, na ndiyo maana sitaficha kitu.

Anza na kadi ya gari, kabla ya sabuni na picha. Itoe kabatini usome jina lililoandikwa pale. Kama ni lako, vizuri. Kama ni la aliyekuuzia, au la aliyemuuzia aliyekuuzia, una kazi ya kufanya kwanza, maana Dar yapo magari yaliyopita mikono mitatu huku kadi ikibaki kwa mtu wa kwanza, ambaye siku hizi hata laini yake ya simu anaitumia mtu mwingine. Kama kadi iko kwa mkopeshaji, maliza deni uichukue, usimwambie mnunuzi kwamba "nikipata hela yako naenda kuikomboa." Na kama jina ni la marehemu baba, wewe bado si muuzaji. Familia ikae, impendekeze mtu, mahakama imteue kuwa msimamizi wa mirathi, kisha yeye ndiye auze. Najua inachosha. Lakini gari la mirathi likiuzwa kwa maneno ya "tutamalizana wenyewe," kaka aliyeko Mwanza husikia siku ya tatu, na siku ya nne yuko Mbezi Luis anashuka basi.

Ukishajua jina, tazama madeni. Faini ya barabarani hufuata namba ya gari. Ingiza namba yako kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia deni la gari, hata kwa simu, uone kama kuna ile 30,000 uliyoandikiwa mwaka jana ukasema utalipa kesho. Angalia na ushuru wa maegesho wa TARURA, ambao hukua kimyakimya kama ukungu wa ukutani. Lipa, tunza stakabadhi. Mnunuzi mwenye akili ataangalia hayo yote akiwa amesimama mbele yako, na deni la elfu tisini likijitokeza hapo atataka apunguziwe laki tano.

Bei nayo usiitoe kichwani wala kwenye mapenzi yako kwa gari. Gari la mtumba hapa kwetu linapangiwa bei na Japani na bandari: mnunuzi anajua kwamba akiagiza lake atalipa hela ya kununulia, ya meli, kisha kodi, na TRA wana kikokotoo mtandaoni kinachomwonyesha kodi hiyo kabla hajatuma hata senti. Wewe unashindana na jumla hiyo. Piga hesabu kama atakavyopiga yeye, kisha shuka kidogo kwa sababu lako limeshakula mashimo ya Kinyerezi. Utashangaa namna watu wanavyoheshimu herufi ya kwenye namba ya gari. Toyota IST ya mwaka 2004 yenye namba D na nyingine ya mwaka huohuo yenye namba E zinaweza kuwa zimetoka kiwandani wiki moja, na bado ya E itaombewa zaidi, kana kwamba injini inasoma kibao. Ile herufi inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Ukiwa na E, chukua faida yako. Ukiwa na C, usijidharau, onyesha rekodi za matengenezo.

Katika tangazo, sema ukweli mfupi. "Maongezi yapo" inatosha, kila mtu anaielewa. Achana na "gari alikuwa anatumia mdada," sentensi ambayo imeshaandikwa hata kwenye malori. Na kamwe usiandike "nauza haraka, nina shida." Umewaita fisi kwa jina. Picha piga asubuhi, gari likiwa kavu, ndani na nje, na mlango wenye mkwaruzo uonekane. Namba ya gari ifunike, na kadi usiipige picha ukaisambaza hata mtu akikusihi "nitumie tu nimwonyeshe mke wangu." Kuna watu wanaochukua picha zako na kadi yako, wanalitangaza gari lako kwa nusu bei, na wanamwomba kijana wa Morogoro kishika uchumba cha laki tatu. Kijana huyo akija kulitafuta gari, atakuja kwako.

Kukutana, kutaneni mchana. Kituo kikubwa cha mafuta, maegesho ya benki, hata nje ya kituo cha polisi. Atakayesema kwamba pale polisi hapamfai amekupa jibu lote unalolihitaji. Usimwite nyumbani, akija atalitazama geti, atamtazama mbwa, atajua watoto wanarudi shule saa ngapi, na gari hatalinunua. Usiende peke yako. Mchukue mtu asiyependa kuongea sana, akae pembeni na simu mkononi.

Sasa kujaribu gari. Hapa nataka tusimame, kwa sababu jirani yangu wa zamani alipoteza Spacio yake kwa sentensi moja. Walikuja wawili, wamependeza, mmoja akaendesha, mwingine akakaa nyuma, jirani yangu pembeni ya dereva. Mambo yakaenda vizuri mpaka wakakaribia kona yenye miti, yule wa nyuma akasema, "Kaka, samahani, huku nyuma kuna kitu kinagonga. Hebu shuka kidogo usikilize wakati anasogeza." Ni mtu mwungwana, na gari ni lake, na aliona aibu kwamba linagonga. Akashuka, akainama kwenye tairi la kulia. Injini ilikuwa inanguruma. Alichobaki nacho ni kile kitambaa cha njano alichokuwa anafutia vioo tangu asubuhi.

Kwa hiyo funguo. Ukishuka, zishuke nawe. Kabla mtu hajakaa kwenye usukani, mwombe leseni, isome, ipige picha umtumie yule mwenzako aliyekaa pembeni, na ufanye hivyo mbele ya mwenye leseni aone. Mtu wa heri hatakasirika, atafurahi kwamba anashughulika na mtu makini. Anza kuendesha wewe, mbadilishane mahali penye watu, na unapozunguka kubadilishana naye kiti, injini izimwe na funguo ziwe mfukoni mwako. Kadi halisi isiwemo garini. Ya nini kumpa mwizi gari na cheti chake cha kuzaliwa?

Mnunuzi wa kweli atakuja na fundi, na ana haki hiyo. Fundi huyo kazi yake ya kwanza ni kulikagua gari, na ya pili ni kukushusha bei. Atafungua boneti, atachomoa kijiti cha oili, atakifuta kwenye suruali, atakirudisha, atakichomoa tena. Atafungua mfuniko wa rejeta, atalala chini kutazama bushi. Kisha atasimama, atapangusa mikono polepole, na kwa sauti ya daktari anayetoa majibu mabaya atasema, "Bosi, hii injini imefunguliwa." Anaisema kwa injini zilizofunguliwa na kwa zilizotoka kiwandani bila kuguswa. Akishaitamka, mnunuzi anakutazama kwa huzuni na milioni inadondoka.

Nilipouza IST yangu nilimaliza mchezo huo kwa karatasi. Niliandika kwa mkono kila kasoro ninayoijua: kiyoyozi kinapoza vizuri ila kwenye foleni ndefu kinalegea, bushi za mbele zinalia kwenye matuta, mlango wa nyuma kushoto uligongwa na bodaboda, ukanyooshwa na kupigwa rangi, redio inakamata stesheni chache. Nikampa mnunuzi na fundi wake kabla hawajafungua boneti. Fundi alikuja kuvumbua nchi, akakuta ramani imeshachorwa. Walikagua kweli, dakika arobaini, na tulipokaa kuzungumza bei tulizungumza kama watu wazima. Hilo pia ni kinga yako. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mtu aliyekubali mkataba kwa kudanganywa anaweza kuukataa, na karatasi ile ikiwa na saini yake inaonyesha kwamba hukumdanganya. Kuhusu kurudisha kilometa nyuma, siwezi kulisema kwa lugha laini: ni wizi. Mwenzako atapanga kubadilisha oili ya giaboksi kwa kufuata namba ya uongo uliyompa, na siku giaboksi itakapokufa atakuwa na familia yake njiani kwenda Singida.

Bei ikikubaliwa, inakuja hela. Noti yetu kubwa kabisa ni ya 10,000, kwa hiyo milioni kumi na moja na nusu ni noti 1,150. Ziweke akilini: mabunda kumi na moja ya noti mia mia, na nusu bunda. Huwezi kuzihesabu kwenye kiti cha gari ukiwa na jasho huku mtu anakuambia ana haraka ya kuwahi msiba. Anayekuletea noti hizo kwenye mfuko wa rambo saa mbili usiku mwambie arudi nazo alikotoka. Nenda naye benki, tena benki yako. Aziweke kaunta mwenyewe, kwenye akaunti yako, mashine ihesabu, na kama ipo noti feki iiteme hapo mbele yake. Mimi na mnunuzi wangu tulisimama dirishani. Bunda la saba likatoka noti 99. Yule dada wa kaunta akalipitisha tena, 99. Mnunuzi akaishiwa rangi, akatoa elfu kumi mfukoni. Hakuwa mwizi, alihesabu usiku akiwa amechoka. Lakini tungekuwa barabarani, tungeachana kila mmoja akimshuku mwenzake.

Kama analipa kwa kuhamisha, subiri uone salio lako, kwa macho yako, kwenye programu ya benki au kwa mhudumu. Picha ya skrini aliyokuonyesha si hela. Ujumbe mfupi si hela, hasa ukiwa umetoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Kila Mtanzania ameshapokea ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii," tunaucheka na kuufuta, halafu tukiwa na gari la kuuza tunauamini ujumbe ndugu yake kwa sababu safari hii unasema hela imeingia. "Iko njiani" ni ya kusema juu ya basi. Mpaka ifike, funguo unazo wewe.

Na malipo ya nusunusu? Hapa najua nitagombana na watu, kwa sababu anayeomba nusunusu mara nyingi ni wa nyumbani. Shemeji atakuja na milioni nne, atasema, "Nyingine nikivuna, wewe si unanijua?" Unamjua, ndiyo shida yenyewe. Mvua itachelewa, mtoto atafaulu kwenda sekondari, na kila ukimpigia utaanza na salamu ndefu ili usionekane unadai. Mwaka wa pili gari limechakaa, deni limebaki, na kwenye harusi mnakaa meza tofauti. Ushauri wangu ni mmoja na nausimamia: kama unampenda shemeji yako, mpunguzie bei waziwazi, mbele ya dada yako, kisha alipe yote siku moja. Punguzo ni zawadi, mtu anaikumbuka vizuri. Deni la gari kila asubuhi linawaka na kukupita barabarani.

Mkataba uandikwe kwa wakili, wenye majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba za TIN za wote wawili, namba ya gari, ya chesisi na ya injini zilizosomwa kwenye gari na kulinganishwa na kadi, bei kwa tarakimu na kwa maneno, picha za pasipoti, mashahidi. Bei iwe ile ya kweli. Atakayekuomba uandike ndogo ili ushuru upungue anakuomba wewe utie saini uongo wake. Na mwombe wakili aandike kitu ambacho wengi hukisahau, yaani saa. Si tarehe tu. Gari lililokabidhiwa saa 8:20 mchana likigonga mtu saa 10 jioni, saa hiyo ndiyo itakayokusemea.

Najua haya kwa sababu gari langu la kwanza, Corolla nyeupe, nililiuza bila hayo. Mnunuzi alikuwa mtu mzima, mpole, alilipa yote, tukaandikiana karatasi ya daftari, nikampa kadi akasema atabadilisha jina wiki ijayo. Niliamini kwamba hela ikishaingia gari limeshauzwa. Baada ya miaka mitatu nikapigiwa simu kutoka kituo cha polisi cha mkoa mwingine. Corolla nyeupe ilimgonga mwendesha bodaboda usiku, dereva akakimbia akaliacha gari, na kadi ilisema mwenye gari ni mimi. Nilikaa siku mbili kwenye benchi la kituo kile. Mama wa yule kijana alikuwa amekaa benchi la pili, ameshika raba moja ya mwanawe, akinitazama, na sikuwa na kitu cha kumwonyesha isipokuwa maneno. Mke wangu ndiye aliyeikuta karatasi ya daftari ndani ya bahasha ya vyeti vya shule, akaipiga picha akaituma. Kutoka kwenye jina lile polisi wakamfikia mnunuzi wangu, naye akasema aliuza, na aliyenunua kwake akasema naye aliuza. Wanne tuliitwa. Kijana alipona mguu ukiwa umefungwa vyuma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ile yangu iliokolewa na ukurasa mmoja uliochanwa.

Tangu siku ile naamini kitu kimoja kuhusu biashara hii: gari linauzwa siku jina lako linapotoka kwenye kadi, na kabla ya hapo umelikodisha kwa mtu usiyemjua. Kwa hiyo usimpe mnunuzi kadi ukamwachia kazi ya TRA. Nenda naye. Siku hiyohiyo ikiwezekana, hela ikiwa imeshaingia, mkiwa na mkataba, nakala za vitambulisho na TIN, muombe uhamisho wa umiliki, itolewe namba ya kumbukumbu ya malipo, na mkubaliane tangu mwanzo nani anailipa. Ikikubidi kulipa wewe, lipa. Wenzetu wa Kenya huifanya kazi hii kupitia eCitizen, muuzaji akianzisha na mnunuzi akithibitisha, na napenda namna uzi unavyoanzia mkononi kwa mwenye gari. Kwetu uzi huo inabidi uushike mwenyewe. Mwarifu pia wakala wa bima kwamba umeuza, na kwenye droo ya dashibodi toa kila kitu chenye jina lako: risiti, kadi za kliniki, tasbihi ya mama, na ufute majina ya simu yaliyobaki kwenye redio.

Mnunuzi wangu wa IST alikuwa kijana wa Kibaha, fundi umeme, anayenunua gari lake la kwanza. Tulienda naye TRA mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza jina lake la kati lilitofautiana herufi moja kati ya NIDA na TIN. Akaniambia, "Kaka, nenda tu, nitamalizia." Alisema kwa nia njema. Nilikataa, tukanywa chai ya maziwa nje pale, tukarudi baada ya siku mbili. Kadi mpya ilipotoka alilisoma jina lake kwa kidole, herufi baada ya herufi, kisha akanigeuzia niisome na mimi.

Wiki iliyofuata nikaingiza namba ya lile gari kwenye mfumo wa faini, kwa mazoea tu. Kulikuwa na 30,000 mpya. Nikatazama: Jumamosi, saa 4:10 asubuhi, siku tisa baada ya ile saa 8:20 iliyoandikwa kwenye mkataba wetu. Nikampigia simu.

"Shikamoo kaka," akasema. "Wamenipiga tochi Mlandizi. Ninayo namba hapa, nalipa leo."

Nikampa pole, nikamuuliza kiyoyozi kinaendeleaje.

"Kwenye foleni kinalegea," akasema, "kama ulivyoandika."